Muuguzi anayestaafu mapema aulize kwanza pensheni ipi huvuka mpaka

Mhariri,

Msomaji wenu wa Malindi aliandika majuzi akitulaumu sisi tulioacha kazi Ulaya kabla uzee haujatufika, tukarudi Pwani. Alisema tunakuja na pauni zetu, tunapandisha bei ya viwanja, kisha tunakaa barazani huku vijana wenye nguvu wakikosa kazi. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Nilistaafu uuguzi nchini Uingereza mwaka 2020 nikiwa na umri wa miaka 55, na sasa naishi Mnarani, Kilifi. Naomba nafasi nimjibu, halafu niwaambie wauguzi vijana wanaoondoka hapa jambo ambalo mimi nililisikia kwa mwenzangu Mfilipino, wala sikuwahi kulisikia kwa mtu wa kwetu.

Kwanza kazi yenyewe. Nilizaliwa Majengo, Mombasa, nikaenda Uingereza mwaka 1988 kusomea uuguzi. Siku hizo mwanafunzi alihesabiwa mwajiriwa wa hospitali: alivaa sare, aliingia zamu, alilipwa mshahara mdogo, na makato ya pensheni yakaanzia hapo hapo. Nilipohitimu nilipangiwa idara ya dharura ya hospitali moja kubwa katika miji ya kati ya nchi ile, na humo ndimo ujana wangu ulimoishia.

Zamu ya usiku ilianza saa moja na nusu jioni ikaisha saa mbili asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya kule iliweka kigezo kwamba karibu kila mgonjwa anayeingia idara ya dharura awe ameshatibiwa akaruhusiwa, au amelazwa, ndani ya saa nne. Kilianza kwa asilimia 98, na mwaka 2010 kikashushwa hadi 95. Nia ilikuwa njema na kwa miaka kadhaa kilitusaidia sana. Nimefanya kazi wakati korido zetu zikiwa tupu, kwa hiyo najua inawezekana. Lakini vitanda vya wodini vikapungua, na wazee waliopona wakawa hawana wa kuwapokea nyumbani, basi mgonjwa mpya akikosa pa kwenda anabaki kwetu. Tangu katikati ya mwaka 2015 kigezo kile hakijafikiwa kitaifa hata mwezi mmoja.

Kwenye skrini ya kompyuta kila mgonjwa ana dakika zake, na dakika zikikaribia kwisha jina hugeuka jekundu. Mwenye zamu ndiye anayepigiwa simu: huyu wa machela ya nne mbona bado yupo? Na machela ya nne iko koridoni, karibu na mlango wa choo, juu yake bibi wa miaka tisini aliyevunjika nyonga, na oksijeni yake inatoka kwenye mtungi ambao lazima mtu akumbuke kuutazama kabla haujaisha. Nje ambulensi zimepanga foleni, na ndani ya kila moja kuna mgonjwa ambaye bado hujamwona. Nimewaona watu wakikata roho koridoni, sisi tumewazungushia viambaza vya kitambaa ili wapate sitara kidogo. Nimelelewa kwamba maiti ina heshima yake na anayekata roho hupewa nafasi, husomewa, hushikwa mkono. Kumpita mtu wa namna hiyo mbio kwa sababu jina la mwingine limegeuka jekundu ni jambo linalomla muuguzi polepole, na likizo ya wiki mbili hailiponyi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kuanzia tarehe 26 Machi watu walikuwa wakitoka milangoni kila Alhamisi usiku kutupigia makofi. Niliwashukuru kwa dhati. Ndani, jamaa wa wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo sisi ndio tuliowashikia simu mbele ya uso mgonjwa aagane na wanawe. Wengi wa madaktari na wauguzi wa mwanzo kufa walikuwa watu wenye asili ya Afrika na Asia, na tulikuwa tukitazamana kila tunapobadilishana zamu. Binti yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, aliniambia siku moja: "Mama, usiku unaita majina ya watu." Presha yangu ilikuwa haishuki kwa dawa. Ile simu ya kututahadharisha kwamba ambulensi inaleta mtu mahututi ilikuwa na mlio wake, na nikiusikia mlio unaofanana nao dukani mikono yangu inatetemeka. Nilijaza fomu za kustaafu nikaondoka kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Malindi asinione nimeacha kazi nzuri. Nimeitumikia miaka 32, na iliyobaki katika mwili wangu nimeona niitumie hapa, karibu na mama yangu mkubwa aliyenilea, ambaye sasa ananihitaji. Kuhusu bei ya viwanja sibishani naye, kwa kuwa madalali wa Kilifi wanamsikiliza mtu lafudhi kwanza ndipo wanataja bei. Hilo ni suala la sheria na usimamizi wa ardhi, na linastahili barua yake.

Sasa nirudi kwa vijana.

Watu wengi hapa hufikiri mstaafu wa Uingereza ana pensheni moja. Zipo mbili, na hazifanani tabia. Ya kwanza ni ya kazini, ile tuliyokatwa kama wafanyakazi wa huduma ya afya ya taifa. Ya pili ni ya serikali, inayotokana na michango ya bima ya taifa ambayo kila mfanyakazi hukatwa.

Ile ya kazini ndiyo iliyoniwezesha kuondoka mapema. Wauguzi tuliokuwa katika mpango wa zamani tangu kabla ya Machi 1995 tulipewa haki ya kustaafu tukiwa na miaka 55 bila kupunguziwa kitu, kwa kutambua uzito wa kazi. Hesabu yake ni sehemu moja ya 80 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka wa kazi. Aliyetumikia miaka 32 na mshahara wake wa mwisho ni pauni 35,000 kwa mwaka hupata pauni 14,000 kila mwaka mpaka kufa, pamoja na kiinua mgongo cha mara tatu ya hiyo, yaani pauni 42,000. Mimi siko mbali na mfano huo. Na jambo jema ni kwamba pensheni hii huongezwa kila mwaka kufuata kupanda kwa bei, popote unapoishi. Nikiwa Kilifi au Birmingham, ongezeko ni lile lile. Nasema wazi kwamba kwa maisha ya Kilifi hiyo ni riziki ya kutosha, na namshukuru Mungu.

Muuguzi aliyeondoka hapa mwaka 2022 hana mpango huo. Yeye yuko katika mpango ulioanza mwaka 2015, ambao pensheni yake kamili hupatikana kwa umri ule ule wa pensheni ya serikali, yaani miaka 67 au 68 kwa rika lake. Anaweza kuichukua mapema, lakini hupunguzwa kwa kila mwaka anaotangulia, na umri wa chini kabisa, ambao ni 55, utapanda hadi 57 kuanzia Aprili 2028. Nimekutana na vijana wa kike na wa kiume wanaoniambia, "Shangazi, tutafanya kama wewe, hamsini na tano tu tunarudi." Wanangu, mlango nilioutokea mimi umefungwa nyuma yangu. Anayetaka kurudi mapema inabidi aanze kuweka akiba yake mwenyewe tangu mshahara wa kwanza, kabla ya kiwanja na kabla ya gari. Anayekusudia kukaa muda mfupi ajue pia kwamba akiwa hajatimiza miaka miwili katika mpango huo atakachopata ni kurudishiwa michango yake, na akishatimiza miwili pensheni yake huhifadhiwa mpaka afikie umri, hata kama amesharudi Bungoma.

Pensheni ya serikali ndiyo yenye mtego. Huipati kabisa bila miaka 10 ya michango, na kamili huhitaji miaka 35. Muuguzi anayefanya kazi kule miaka sita au saba kisha akarudi amechangia kila mwezi na huenda asione senti ya upande huo. Aulizie kabla hajaondoka, akiwa bado na anwani ya kule, kama anaweza kulipia miaka iliyopungua na kwa kiasi gani, kwa sababu masharti hubadilika.

Na aliyetimiza miaka yake yote? Huyo ndiye aliyenifanya niandike. Uingereza humlipa mstaafu wake pensheni ya serikali popote duniani, lakini nyongeza ya kila mwaka humpa tu akiishi katika nchi fulani fulani: nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Jamaika, Barbados, Israeli, Uturuki, Ufilipino na nyingine chache. Katika Afrika nzima iko moja tu, Morisi. Kenya haimo. Tanzania haimo, Uganda haimo, Afrika Kusini haimo. Ukiishi katika nchi isiyomo, kiwango ulichoanza nacho ndicho utakachokufa nacho.

Yuko mzee mmoja jirani yangu aliyefanya kazi ya posta London maisha yake yote. Alifikia miaka 65 mwaka 2005, akaanza kulipwa pensheni kamili ya msingi ya wakati ule, pauni 82.05 kwa wiki, akarudi nyumbani. Mpaka leo analipwa pauni 82.05. Mwenzake waliyekuwa wakigawa barua mtaa mmoja, aliyebaki London, alilipwa pauni 176.45 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/26. Tofauti yake ni karibu pauni 4,900 kwa mwaka, ambazo kwa bei ya pauni ya siku hizi ni zaidi ya shilingi laki nane. Bei za Uingereza zilipopanda kwa kasi na wastaafu wa kule wakaongezewa asilimia 10.1 mwezi Aprili 2023, mzee wangu hakuongezewa kitu, ingawa unga, mafuta na dawa zake za presha vilipanda hapa vile vile. Akienda London kumtembelea mwanawe hulipwa kiwango cha sasa kwa muda wa ziara, na akirudi Kilifi kinashuka tena hadi 82.05. Kila nikimsaidia kujaza ile fomu ya kuthibitisha kwamba angali hai, naiona tena tarakimu ile, na naona uchungu.

Mwenzangu Mfilipino tulianza naye kazi idara moja karibu wakati mmoja. Tumekatwa michango ile ile, kwa viwango vile vile, kwenye karatasi za mshahara zinazofanana. Yeye atastaafu kwao Iloilo na pensheni yake ya serikali itapanda kila mwaka, kwa sababu nchi yake na Uingereza zina makubaliano. Mimi nitafikisha miaka 67 mwaka 2032, na nikiwa Mnarani pensheni yangu itasimama siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyenieleza haya, tukiwa kwenye chumba cha chai saa tisa za usiku, na alishangaa kwamba sijui. Sasa nakutana na wauguzi wetu vijana nao hawajui.

Wengine watasema twende mahakamani. Wamekwenda. Bibi Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, alishindwa mbele ya majaji wa mwisho wa Uingereza mwaka 2005, kisha yeye na wenzake wakashindwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwezi Machi 2010, kwa kura 11 dhidi ya 6. Mahakama ilikubali kwamba nchi inaweza kuamua kuongeza pale tu palipo na makubaliano. Maana yake ni kwamba njia iliyobaki ni ya serikali kwa serikali, na ya kura.

Mwezi Julai 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu kuwaajiri kule wahudumu wa afya wa Kenya wasio na kazi. Tulipeleka kitu ambacho Uingereza inakihitaji sana. Anayehitajiwa ana nguvu ya kuuliza swali, na swali hili ni halali kabisa: wauguzi hawa watakaporudi wazee, mtawaongezea pensheni kama mnavyomwongezea Mfilipino? Ninaiomba Idara ya Masuala ya Diaspora na Wizara ya Leba waliweke swali hilo mezani kila makubaliano ya aina hiyo yanapojadiliwa upya. Najua jibu la Uingereza limekuwa lile lile kwa miongo mingi, chama hiki kikitoka na kile kikiingia, kwamba gharama ni kubwa na kwamba haifungui makubaliano mapya. Kanada imeomba mara nyingi ikakataliwa. Lakini Kanada haiwapelekei wauguzi kama sisi tunavyowapeleka.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mtu anayepanga kurudi ayafahamu, nayapitia kwa haraka. La uraia Kenya imelitatua vizuri: mimi niliupoteza uraia wangu nilipochukua wa Uingereza, na Katiba ya 2010 ikanipa haki ya kuurejesha kwa kuomba tu. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Rafiki yangu mzaliwa wa Tanga, aliyestaafu pamoja nami, hana bahati hiyo, kwani Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili.

La matibabu ni gumu zaidi. Ukishahama Uingereza, huduma ya hospitali bila malipo inakoma. Ukienda kutembea ukaanguka, chumba cha dharura watakupokea bure, lakini ukilazwa utatozwa kama mgeni, tena mara moja na nusu ya gharama ya kawaida. Mimi niliyesukuma machela kule miaka 32 ningetozwa hivyo. Hapa nimejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na nalipa mchango wangu, lakini bima ya ziada kwa mtu wa miaka 60 mwenye presha ni ghali sana, na kiinua mgongo changu sehemu kubwa nimekitenga kwa ajili hiyo badala ya nyumba za kupangisha ambazo ndugu yangu wa Malindi anazifikiria.

Juu ya kura, nimalizie kwa hili. Tangu Januari 2024 raia wa Uingereza anayeishi nje, hata awe ameondoka miaka mingi kiasi gani, anaweza kujiandikisha kupiga kura ya ubunge katika eneo alilokuwa akiishi. Mimi nimejiandikisha na nimemwandikia mbunge wa eneo langu la zamani kumweleza habari za mzee wa posta. Na muuguzi Mkenya anayeishi kule kihalali sasa hivi, ingawa hana pasipoti ya Uingereza, ana haki ya kupiga kura hiyo hiyo kwa sababu Kenya ni nchi ya Jumuiya ya Madola. Wengi hawalijui hili, au wanalijua na hawana muda baada ya zamu. Fomu ya kujiandikisha iko kwenye intaneti na haichukui muda mrefu. Wajiandikishe, wamtafute mbunge wao siku anayokutana na wananchi, na wampeleke karatasi zao za mshahara zinazoonyesha makato ya bima ya taifa. Kwa yeyote anayetaka nimsaidie kuandika barua hiyo, namwachia Mhariri anwani yangu.

Muuguzi mstaafu,
Mnarani, Kilifi.
(Jina limehifadhiwa)